Maji ya baraka ya Castlevania yakigoma: dalili, chanzo na dawa

Castlevania ya kwanza, mchezo wa video uliotolewa na Konami kwa Famicom Disk System (mashine ya Nintendo ya Japani) Septemba 1986 na kufika kwenye NES, mashine ya Nintendo ya Marekani, mwaka uliofuata, inampa shujaa wake Simon Belmont silaha ndogo tano za kusaidia mjeledi: jambia, shoka, msalaba, saa ya kusimamisha wakati, na maji ya baraka. Hii ya mwisho ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Anayeijua anammaliza bosi Mauti bila jasho. Asiyeijua anatupa chupa ishirini hewani, anaishiwa mioyo inayolipia silaha, anakufa, kisha anasema silaha ni mbovu.

Silaha si mbovu, ina masharti tu. Haiendi mbali, haipandi juu, na haifanyi kazi pasipo sakafu. Karibu kila tatizo lililo hapa chini linatokana na sharti mojawapo kati ya hayo, au na padi, yaani kidhibiti cha mkononi. Maelezo ni ya toleo la NES na Famicom, na pia yanafaa kwa mchezo huohuo ulio ndani ya Castlevania Anniversary Collection ya 2019.

Kwanza utendaji wake wa kawaida, ili ujue kipi ni kasoro na kipi sicho. Unabonyeza Juu pamoja na B. Moyo mmoja unakatwa. Chupa inatoka mkononi, inajipinda kidogo, na kuanguka hatua mbili tatu mbele ya Simon. Ikigusa sakafu inapasuka na moto unawaka kwa kitambo kifupi. Aliye ndani ya moto huo anaumia, na huku anaumia anaganda pale alipo. Kuganda huko ndiko unakokununua kwa moyo wako mmoja. Maumivu ni nyongeza.

Unabonyeza Juu na B, unatoka mjeledi

Angalia juu ya skrini kabla ya kulaumu kitu kingine. Kisanduku cha silaha kikiwa kitupu, huna silaha. Idadi ya mioyo ikiwa 0, mchezo hukupa mjeledi badala ya chupa, bila onyo lolote. Mioyo hapa si uhai. Uhai ni ule mstari wa vipande 16. Wageni wengi huchanganya, wanaona mstari umejaa na kudhani wana risasi za kutosha.

Kisanduku kina chupa na mioyo ipo? Basi shuku padi. Kipimo chake ni rahisi: msimamishe Simon kwenye mwanzo wa ngazi yoyote ya kupanda, bonyeza Juu peke yake. Asipopanda, au akipanda mara moja na kugoma mara mbili, mguso wa Juu umechoka. Kwenye padi za zamani na za mashine za kuiga Famicom, chanzo huwa ni ule mpira wenye vidoti vyeusi chini ya kitufe cha mwelekeo. Fungua skrubu za nyuma, toa mpira, futa vidoti na njia za shaba kwenye bodi kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa spiriti kidogo, acha vikauke kabisa, rudisha. Usikwangue vidoti kwa wembe wala msasa. Ile kaboni nyeusi ndiyo inayopitisha umeme, ukiimaliza umemaliza padi.

Kwa anayecheza kwenye kompyuta kwa kibodi, kuna ugonjwa mwingine. Kibodi nyingi za bei nafuu hazisomi mseto fulani wa vitufe vitatu kwa pamoja. Unatembea kushoto, unabonyeza Juu, unabonyeza B, na kimoja kinamezwa. Fungua programu yoyote ya kuandikia, shikilia herufi uliyoiweka iwe B, na uone kama mishale miwili bado inasogeza kielekezi. Ikishindikana, hamisha B kwenye herufi nyingine iliyo mbali. Kwenye simu yenye vitufe vya kugusa, tatizo ni kidole gumba kuteleza kutoka Juu kwenda pembeni. Kuza duara la mwelekeo kwenye mipangilio.

Na kama umezoea Super Castlevania IV, kumbuka kule silaha ndogo ina kitufe chake, R. Huku hakuna.

Mioyo inaisha na hukumbuka kuitumia

Ngazi. Kila mara ni ngazi.

Ukiwa unapanda umeshikilia Juu. Adui anatokea, unabonyeza B ili umpige mjeledi, lakini kwa mchezo hiyo ni Juu na B, kwa hiyo inatoka chupa. Na chupa hiyo ni hasara tupu, kwa sababu ngazi si sakafu: inapita katikati na kwenda kupasuka ghorofa ya chini. Popo mmoja kwenye ngazi ndefu anaweza kukugharimu mioyo mitatu minne hivi hivi. Dawa ni mazoea ya kidole: ukiwa ngazini, achia Juu kwanza, Simon asimame, ndipo upige B.

Chanzo cha pili ni vitufe vya turbo kwenye padi za kuiga. B ya turbo ikikutana na Juu, chupa zinatoka mfululizo kadiri mchezo unavyoruhusu. Kama padi yako ina B mbili, tumia ile ya kawaida.

Chupa inatoka, moto hauwaki

Umeirusha shimoni, majini, au ukingoni mwa jukwaa ikaangukia chini ya skrini. Hesabu ile hatua mbili tatu: kama mbele yako hakuna sakafu ya urefu huo, usirushe. Rudi nyuma hatua mbili kwanza.

Ukirusha huku unaruka, chupa inakwenda mbali zaidi kwa kuwa inachukua muda mrefu kufika chini. Hilo linafaa kwa mifupa inayokurushia vitu ukiwa mbali. Lakini kumbuka kuruka kwa Simon hakurekebishiki: ukishaondoka ardhini mwelekeo umefungwa, huwezi kurudi nyuma hewani. Kwa hiyo, ruka wima kisha urushe, usiruke kwenda mbele. Anayeruka mbele na kurusha hutua juu ya adui yuleyule ambaye moto haujamfikia.

Pia, huwezi kurusha ukiwa umechuchumaa. Kuchuchumaa kunataka Chini, kurusha kunataka Juu, na kitufe cha mwelekeo hakitoi vyote viwili. Hii inauma zaidi mbele ya askari wa deraya wanaorusha shoka, ambao mara wanatupa juu mara chini. Ukijikunyata kukwepa shoka la juu, umepoteza nafasi ya kurusha mpaka usimame.

Moto unawaka, adui hajali

Aliye hewani hajali, na ndivyo ilivyokusudiwa. Popo, vichwa vya Medusa vinavyoyumba kama wimbi, ndege wabebao wale vibete warukaji: hao ni wa mjeledi. Popo Mkubwa, bosi wa hatua ya 3 ya mchezo, ni hivyo hivyo, anapita juu ya moto wako bila kuunguza ukucha. Kwake tafuta shoka, ambalo hupaa juu kisha kushuka kwa upinde.

Dracula, bosi wa mwisho, katika umbo lake la kwanza ni kisa kingine. Anaumia kichwani tu. Moto unaowaka kwenye visigino vyake haumfanyi chochote, na kila chupa unayoitupa hapo ni chupa utakayoililia dakika chache baadaye. Umbo la kwanza limalizie kwa mjeledi: anatokea, unasubiri afungue joho, unaruka juu ya zile mbegu tatu za moto na kupiga kichwa hapohapo. Tunza mioyo yote.

Bosi anaganda, kisha anachomoka na kukuvamia

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo tuende taratibu.

Ukiwa na silaha peke yake, bila alama ya II wala III (zinazoongeza idadi ya chupa), mchezo unaruhusu chupa moja tu kwenye skrini kwa wakati mmoja. Moto wa kwanza usipozimika, ya pili haitoki hata ubonyeze hadi kidole kiume. Kati ya moto kuzimika na chupa ya pili kugusa sakafu kuna pengo dogo, na bosi anatoka kwenye pengo hilo. Si kwamba ameshinda kinga yoyote: hakuna kilichokuwa kinamshika.

Ukiwa na II zinaruhusiwa chupa mbili, na III ni tatu. Kwa tatu pengo linaweza kuzibika kabisa: moja inawaka, nyingine inaanguka, ya tatu inatoka mkononi. Lakini hata mwenye III analalamika, na ukimtazama utaona kosa: anazibonyeza zote tatu kwa papara, zinaanguka karibu pamoja, zinazimika karibu pamoja, na pengo linarudi kana kwamba hana III. Zipishanishe. Rusha ya kwanza, ukiuona moto umeshika rusha ya pili, pumua, ya tatu. Baada ya hapo rusha moja kila moto mmoja unapozimika. Ni mwendo wa kutwanga, si wa kukimbizwa.

Sababu ya pili ya bosi kuchomoka ni umbali. Chupa huanguka mahali palepale kila mara, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kuwa sahihi, si chupa. Ukiguswa na kitu chochote Simon hurushwa nyuma, na ile hatua mbili tatu inakuwa tano. Chupa zinazofuata zinaangukia mbele ya bosi bila kumgusa. Ukirushwa nyuma, usiendelee kubonyeza. Sogea kwanza.

Sababu ya tatu ni mioyo kuisha katikati. Hilo ni suala la hesabu kabla ya mlango. Moyo mkubwa ni 5, mdogo ni 1. Kwa bosi wa hatua ya 12 kwenda mbele, kuingia na mioyo chini ya 15 ni kujitakia balaa. 20 na zaidi ndiyo akiba ya mtu mwenye akili.

Sasa bosi kwa bosi.

Medusa, hatua ya 6: anaelea lakini chini chini, na moto unamfikia. Msubiri aje kwako, usimfuate. Nyoka anaowatupa wanatambaa sakafuni, na hao nao moto unawasafisha.

Mumia wawili (maiti waliozongwa sanda) wa hatua ya 9: kosa ni kuwa katikati yao. Moto unamshika mmoja, wa pili anakufikia kwa mgongo. Kimbilia upande mmoja wa chumba mapema ili wote wawili wawe mbele yako, kisha mgandishe wa mbele. Vipande vya sanda wanavyorusha vipige kwa mjeledi, usipoteze chupa kwa ajili yake.

Frankenstein na Igor, hatua ya 12: watu hutumia chupa kumfukuza Igor, yule mrukaji. Igor hafi. Kipigo kinamlaza kidogo tu, kisha anaamka na kurukaruka tena. Frankenstein ndiye mwenye uhai wa kuhesabiwa, na kwa bahati yake mbaya ni mtembea kwa miguu. Weka moto chini yake, na Igor mpige mjeledi akikukaribia. Ukiona mstari wa uhai wa bosi haushuki na mioyo inashuka, unampiga asiyepaswa kupigwa.

Mauti wa hatua ya 15 ndiye sababu ya watu wengi kuitafuta silaha hii. Kuanzia hatua ya 13 kila kipigo kinakutoa vipande 4 kati ya 16, yaani vipigo vinne na umekwenda. Mundu ndogo zinazotokea hewani ndizo zinazoua, wala si yeye mwenyewe. Kosa la kawaida ni kumrushia akiwa juu: chupa inaanguka, moto unawaka, yeye anaelea juu yake. Subiri joho lishuke usawa wa moto, ndipo uanze, na ukishaanza usiache. Mundu zilizokwisha kutoka zitaendelea kukufuata hata yeye akiwa ameganda. Kila baada ya chupa mbili piga mjeledi mmoja kuzipunguza. Mwenye chupa moja tu bila III afadhali apigane kwa kukwepa, kwa sababu pengo moja hapa linatosha kukumaliza.

Dracula wa umbo la pili, lile dude kubwa linaloruka: usimlenge alipo, lenga atakapotua. Chupa itangulie, moto uwe unawaka miguu yake inapogusa chini. Akishatua ndani ya moto, endelea na ule mwendo wa kutwanga. Ukimkosa, kimbia chini yake anaporuka, geuka, jaribu tena. Usirushe akiwa hewani.

Uliingia hatua na chupa, sasa una jambia

Umeokota. Silaha mpya inafuta ya zamani, na ya zamani hairudi. Mara nyingi kinachotokea ni hiki: unapiga mshumaa huku unaruka kwenda mbele, jambia linadondoka, na wewe huwezi kubadili mwelekeo hewani, unatua juu yake.

Ukishapata chupa unayoitaka, mishumaa ipigwe ukiwa umesimama, ukiwa umeunyoosha mjeledi kwa urefu wake wote. Kikidondoka kitu usichokitaka, simama. Baada ya sekunde chache kinatoweka chenyewe. Kikidondokea kwenye njia nyembamba isiyo na pa kupitia, subiri. Saa ya mchezo ina muda wa kutosha kwa hilo, ingawa ukichezea sana muda ukiisha unakufa pia.

Tahadhari hii iwe kali zaidi kwenye ushoroba wa kabla ya Mauti, wenye askari wa shoka chini na vichwa vya Medusa juu. Pale mtu anapiga chochote kinachosogea. Njia tulivu: rusha chupa kwenye miguu ya askari, na wakati ameganda hawezi kurusha shoka, mpige mjeledi huku macho yako yako juu kwenye vichwa. Akifa songa hatua chache tu, usikimbie, kwa kuwa kukimbia kunaleta askari wa pili huku vichwa vya Medusa vya mwanzo bado vipo.

Alama ya II au III haitokei

Haitokei kwa anayetumia mjeledi peke yake. Mchezo unahesabu vipigo vya silaha ndogo, na baada ya vipigo 10 hivi unatoa II, kisha 10 vingine III. Anayebana mioyo yote kwa ajili ya bosi anafika kwa bosi na mioyo mingi na chupa moja, jambo ambalo ni baya kuliko mioyo michache na chupa tatu. Tumia maji mapema, kwa mifupa na wanajeshi wa mikuki wanaotembea sakafuni, mahali ambapo mishumaa inakurudishia mioyo. Ukiipata III, bana mkono.

Moto unapepesa, au mchezo mzima unakuwa mzito

Si silaha, ni mashine. NES inaweza kuchora vipande 8 tu vya picha zinazosogea kwenye mstari mmoja wa skrini. Chupa tatu, mundu nne, Simon na bosi wote usawa mmoja wanazidi kiwango, na mashine inawaonyesha kwa zamu. Moto usiouona bado unaunguza. Uhesabu kwa mapigo, si kwa macho. Kuzubaa kwa mwendo nako ni kwa kawaida.

Kisicho cha kawaida ni kuchelewa kati ya kidole na skrini. Kwenye televisheni bapa, washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha. Kuchelewa kidogo hakukusumbui kwenye kutembea, lakini kunatanua lile pengo la chupa tulilolizungumza.

Umekufa, umerudi, hakuna kinachofanya kazi

Kifo kinachukua kila kitu: chupa, II na III, na mjeledi unarudi kuwa ule mfupi wa ngozi. Unaanza na mioyo 5. Hapa watu hung'ang'ania mpango uleule wa maji ya baraka wakati maji hayapo, na wanakufa tena hatua tatu mbele. Kwanza rudisha mjeledi: piga mishumaa mpaka upate visasisho viwili vya mjeledi. Kisha mioyo. Chupa ikitokea njiani vizuri, isipotokea pigana na bosi kwa kilichopo.

Kwenye toleo la 2019 unaweza kuhifadhi mchezo popote. Hifadhi mara tu unapoipata III ukiwa na chupa, na tena nje ya mlango wa bosi. Usihifadhi juu ya ile ya kwanza ukiwa na uhai vipande 3.